Gesi ya kiyoyozi cha gari haiishi, huvuja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba gesi ya kiyoyozi cha gari hujazwa kila mwaka, kama oili ya injini inavyobadilishwa kila muda wake unapofika. Kazi ya kutengeneza viyoyozi vya magari nimeifanya kwa miaka mingi, na kompresa nyingi nilizozishusha zikiwa zimekwama hazikufa kwa uzee, bali kwa ushauri wa namna hiyo.

Gesi ya kiyoyozi si petroli. Haichomwi, huzunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, ileile iliyotiwa kiwandani. Kompresa, iliyo ubavuni mwa injini na kuzungushwa na mkanda, huvuta mvuke baridi wenye shinikizo dogo na kuukandamiza hadi uwe wa moto na wenye shinikizo kubwa. Mvuke huo hupelekwa kwenye kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, ambako huuachia upepo wa nje joto lake na kuwa kimiminiko. Kisha hupita kwenye kikaushio kinachonyonya unyevu na kupenya valvu yenye tundu dogo sana, shinikizo likaanguka ghafla, na ndani ya evapareta iliyo nyuma ya dashibodi kimiminiko hicho kikachemka na kubeba joto la abiria. Neno kuchemka lisimshangaze mtu, kwa maana gesi ya R-134a, inayotumika katika magari mengi, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa katika shinikizo la kawaida la hewa. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto, na kompresa ndiyo mpagazi.

Kwa hiyo gesi ikipungua, imetokea mahali. Nakiri kwamba mabomba ya mpira na sili ya kompresa hupitisha gesi kidogo mno hata yakiwa mazima, na gari lililokaa miaka mingi bila kuguswa laweza kuhitaji kuongezewa. Lakini gari linalodai gesi kila mwaka lina tundu, na kulijaza bila kulitafuta tundu hilo ni kuteka maji kwa tenga.

Hasara yenyewe si ya gesi peke yake. Kompresa nyingi za magari hutegemea oili inayosafiri pamoja na gesi, hivyo panapovuja gesi oili nayo hutoka, na ndiyo sababu kiungo kinachovuja hujitambulisha mara nyingi kwa doa la mafuta lililoshika vumbi. Isitoshe, gesi ikiwa kidogo haina nguvu ya kuirudisha oili iliyobaki, nayo hulala kwenye evapareta huku kompresa ikisagika. Anayejaza gesi tupu hurudisha ubaridi bila kurudisha oili, na mwenye gari huondoka akishukuru.

Watengenezaji wa magari waliliona jambo hili wakaweka swichi ya shinikizo ambayo, gesi ikishuka mno, hukata umeme wa klachi ya sumaku iliyo mbele ya kompresa, puli ikaendelea kuzunguka bure na kompresa ikatulia. Klachi inayoshika na kuachia kila baada ya sekunde chache mara nyingi ni dalili kwamba gesi imepungua. Nimewahi kuletewa gari ambalo nyaya za swichi hiyo zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja ili klachi ishike kwa lazima. Fundi aliyefanya hivyo alisifiwa kwa wiki kadhaa, hadi kompresa ilipokwama njiani na kuunguza mkanda. Na kwa kuwa mkanda huohuo ndio uliozungusha alteneta na pampu ya maji, gari lilifika kwangu likivutwa. Tulipofungua mabomba tulikuta oili nyeusi yenye chenga za chuma. Njia za ndani za kondensa za siku hizi ni nyembamba mno kiasi kwamba chenga hizo hazisafishiki zikaisha, kwa hiyo kondensa, kikaushio na valvu vilibadilishwa pamoja na kompresa. Kufunga kompresa mpya juu ya uchafu huo ni kuiua nayo.

Matengenezo yanayostahili jina hilo huanza kwa kutafuta mahali panapovuja, kwa povu la sabuni, kwa rangi inayong'aa chini ya taa maalumu au kwa kifaa cha kunusa gesi. Kiungo kikishatengenezwa na kikaushio kubadilishwa, mfumo hufyonzwa hewa kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, kisha fundi huiangalia geji kama imetulia, kwa sababu unyevu unaobaki ndani huzaa asidi inayokula chuma. Gesi hupimwa kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti, wala haikadiriwi kwa kushika bomba na kusikia ubaridi. Ikizidi nayo ni balaa: shinikizo hupanda, na kimiminiko kikirudi kwenye kompresa huweza kuivunja, maana kimiminiko hakikandamiziki.

Kwa upande wa mwenye gari, kazi si kubwa. Awashe kiyoyozi kwa dakika kumi hivi kila wiki, hata majira ya baridi, ili oili iilowanishe sili isikauke. Aoshe kondensa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kwani mapezi yake hupinda upesi, na ahakikishe feni yake inazunguka, kwa sababu kondensa isiyopoa huilazimisha kompresa kusukuma dhidi ya shinikizo kubwa kupita kiasi. Upepo ukiwa dhaifu, achunguze kwanza chujio la hewa ya ndani. Na maji yanayodondoka chini ya gari si uvujaji, ni unyevu wa hewa uliogeuka matone ya maji kwenye evapareta. Nimeshalipokea lalamiko hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mwandishi wa barua ile alisema pia kwamba gesi zote ni sawa. Hapana. R-12 ya zamani iliondolewa kufuatia Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. R-134a iliyoirithi hupasha joto dunia mara 1,430 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksaidi, nayo ni miongoni mwa gesi zinazopunguzwa kwa makubaliano ya Kigali ya 2016. Na magari mapya mengi hutumia R-1234yf. Kila moja ina oili yake. Katika magari ya umeme, ambayo mota ya kompresa huzungukia ndani ya oili hiyohiyo, oili isiyofaa huweza kupitisha umeme mahali usipotakiwa.

Namwomba msomaji huyo, kabla hajajaza tena mwakani, afungue boneti na kufuata mabomba kwa tochi hadi aone kiungo chenye mafuta na vumbi, kisha amwonyeshe fundi wake mahali hapo.

Wako,
Fundi wa viyoyozi na msomaji wa gazeti hili