Sabaki ikigeuka chai, kaulizeni mlimani

Mhariri, salaam kutoka Malindi.

Kuna msomaji wako juzi kaandika ati misitu ya milimani ni mambo ya watalii na watu wa bara, sie wa pwani tushughulike na bahari yetu. Nimeisoma hiyo nikiwa Mambrui nikacheka peke yangu, manake nilikuwa nimetoka tu kuvuka daraja la mto Sabaki, unaoingia baharini hapa kwetu, na hiyo bahari yetu anayoisema ilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Mie nimevua miaka mingi, sasa mgongo umekataa, nauza samaki tu. Upepo wa kaskazi ukishika na mvua imepiga huko juu lile tope la mto linasukumwa kuja huku mjini, jarife ukilivuta linakuja zito ukadhani leo umepata, kumbe ni tope na magugu, ukilianika likikauka ni kupukuta vumbi. Kusi ikija ndio linageukia upande wa Ngomeni tunapumua kidogo. Na ufuo umepanuka, hoteli zilizojengwa karibu kabisa na maji leo mgeni anatembea mchangani mpaka anachoka ndio aguse bahari.

Niseme ukweli, si tope lote la mlimani, mengi ni ya mashamba yaliyolimwa bila matuta na mchanga unaochotwa mitoni. Lakini maji yenyewe je? Athi inaanzia nyanda za juu huko Ngong na Kiambu, Tsavo inaleta ya Kilimanjaro na ya chemchemi za Mzima, zikikutana ndio Galana, na Galana ndio Sabaki. Sasa hiyo Mzima maji yake ni ya vilima vya Chyulu, navyo havina mto hata mmoja, mvua inanyesha majivu ya volkano yanaimeza, inapita chini kwa chini inakuja kutokea chemchemi, na Mombasa wanakunywa hayo maji kwa bomba tangu miaka ya 1950. Sie Malindi tunakunywa ya visima vya Baricho, kando ya Sabaki hiyo hiyo. Ndugu zetu wa Kipini nao mto wao Tana unatoka Mlima Kenya na Aberdare. Sasa huyo bwana anaposema mlima si wetu, chai yake anapikia maji gani?

Mwaka jana tulienda Nyeri kumposea kijana wangu. Mkwe akanipeleka Aberdare ndani ya ule uzio wa umeme, kama kilomita 400 uliomalizika 2009. Baridi wallahi ya kuuma meno, miti imeota ndevu, na ardhi yenyewe ukikanyaga inabonyea kama godoro, ukitoa mguu shimo linajaa maji, na ilikuwa haijanyesha siku kadhaa. Nikasimama pale nikitoa mguu narudisha kama mtoto. Ndio mkwe ananihadithia ile barabara wanayotaka kuipasua katikati kutoka Ihithe kwenda Ndunyu Njeru, nikamuuliza pori hili mwenyewe nani, akasema serikali. Mamake, ajuza wa watu, akamkatiza akanyoosha bakora kule kwenye Kirinyaga, ndio Mlima Kenya, akasema mwenyewe ni Ngai, yaani Mungu.

Huyo mama na wazee wetu wa Kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, wangeelewana bila mkalimani. Kaya huvunji kijiti, na hakuna anayekuuliza ule msitu unaingiza shilingi ngapi. Unesco walizitambua Kaya 2008, Mlima Kenya waliutambua 1997, lakini wazee hawakungoja Unesco.

Ombi langu ni dogo. Vile vikao vya kuuliza wananchi kuhusu misitu ya mlimani tunasikia vinafanywa Nyeri, vinafanywa Nyandarua, sawa, ndio wanaoishi nayo. Lakini siku moja waje na huku mto unakoishia. Waje Mambrui, viti tutaleta wenyewe na samaki watakula.

Mchuuzi wa samaki,
Malindi