Risala kwa Mzee wa Studio: Seydou Keïta na Masanduku ya Picha za Kisumu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mzee wetu, Mwalimu Mkuu, walimu na wazazi wetu, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana. Itifaki yote imezingatiwa.

Sisi wanachama wa chama cha wapiga picha cha shule hii tunakukaribisha kwa furaha kubwa. Tunajua magoti yanakusumbua na ngazi za ukumbi huu ni nyingi, kwa hivyo tunauthamini sana ujio wako. Erokamano, Mzee.

Kwa desturi risala huanza na historia ya chama, idadi ya wanachama, kisha matatizo yake. Leo tumemwomba Mwalimu Mkuu ruhusa tuanze na mtu aliyeishi mbali na hapa, katika mji wa Bamako, nchini Mali. Kumjua yeye ndiko kulikotufanya tukutafute wewe.

Jina lake ni Seydou Keïta. Alizaliwa mwaka wa 1921 hivi, wakati Mali ilikuwa koloni la Ufaransa na ikiitwa Sudan ya Kifaransa. Hakupelekwa shule, tangu utotoni alifundishwa useremala nyumbani kwao. Mwaka wa 1935 amu yake alirudi kutoka safari ya Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa kijana. Kazi ya kusafisha filamu na kutoa picha alijifunza kwa watu wawili: Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga picha, na Pierre Garnier, Mfaransa aliyekuwa na duka la vifaa vya picha mjini. Kwa muda mrefu aliendelea na useremala huku akipiga picha.

Mwaka wa 1948 alifungua studio yake katika kiwanja cha familia, mtaa wa Bamako-Coura, nyuma ya gereza kuu na si mbali na stesheni ya reli. Sisi wa Kisumu hatuhitaji kuelezwa maana ya hapo. Reli ilitufikia mwaka wa 1901, na tunajua kwamba mahali garimoshi linaposimama ndipo watu hushuka na mshahara, nguo mpya, na jamaa wa kutumiwa barua nyumbani. Anayetuma barua hupenda kutia picha ndani. Kwa Keïta walikuja watu wa Bamako na wasafiri kutoka nchi jirani, na Jumamosi walijipanga foleni uani.

Mzee, wewe utaelewa kazi yake kuliko sisi, lakini turuhusu tuwaelezee wenzetu ambao kamera wanayoijua ni ile ya simu. Keïta alitumia kamera kubwa iliyosimama kwa miguu mitatu, yenye filamu ya sentimita 13 kwa 18. Negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo nyeusi na nyeupe zimebadilishana nafasi, ikiwa kubwa kiasi hicho, huhitaji mashine ya kukuzia. Unailaza juu ya karatasi ya picha, unapitisha mwanga, na picha inatoka na ukubwa uleule, kila uzi wa kilemba ukionekana. Filamu hiyo ilikuwa ghali. Kwa hivyo mteja alipigwa mara moja tu, na kazi yote ilifanywa kabla ya kubonyeza: kumketisha, kumgeuza bega, kuinua kidevu, kupanga vidole.

Aliipenda zaidi nuru ya jua kuliko taa, na picha zake nyingi alizipiga uani. Nyuma ya mteja alitundika kitambaa. Cha kwanza kilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe, yenye matamvua. Kilipochakaa akatundika kingine, cha maua au cha mapambo ya majani, na kila baada ya miaka miwili au mitatu akakibadilisha. Miaka mingi baadaye, alipoulizwa picha fulani ni ya lini, alitazama kitambaa na kujua.

Hapa tunaomba tukae kidogo, maana hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Vitabu vingi vya upigaji picha hutuambia tuweke nyuma pasipo na kitu, ili uso usishindane na chochote. Keïta alifanya kinyume. Mwanamke aliyevaa kitenge cha maua aliketi mbele ya kitambaa cha maua, na gauni lake likatandazwa lote lionekane. Kwa kuwa filamu ni nyeusi na nyeupe, maua ya nguo na maua ya ukutani yanaingiana hadi hujui moja linaishia wapi. Kinachobaki kusimama peke yake ni uso na mikono. Jicho halina mahali pengine pa kwenda. Sisi tunaona huo ni ujuzi mkubwa kuliko kutumia lenzi ya bei ghali.

Kisha kulikuwa na vitu vya studio. Alikuwa na suti, tai, saa, kalamu, redio, baiskeli na skuta, na aliyetaka alivitumia wakati wa kupigwa. Pia alitundika ukutani picha za mfano, mteja achague pozi. Wapo wanaosema kwamba basi picha hizo ni za kujipamba tu, kwamba redio haikuwa ya mwenye picha. Hatukubaliani nao. Hakuna aliyedanganywa. Mtu aliyeazima redio ile alikuwa akisema anakoelekea, na aliyepokea picha kijijini alimwelewa vizuri.

Mimi ninayesoma risala hii nina jambo langu la kusema kuhusu hilo, na wenzangu wamenikubalia. Mwalimu wetu wa sanaa alipotuonyesha picha za Keïta kwa projekta, iliyonishika ni ya kijana wa suti, miwani ya fremu nzito na kalamu mfukoni, ambaye ameshika ua moja kwa vidole vyake virefu. Analielekeza kwetu taratibu. Picha hiyo ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Picha za Waafrika wa miaka hiyo nilizozizoea zilikuwa za kitabu cha historia: kwetu Kenya Hali ya Hatari ilitangazwa mwaka wa 1952 na ikadumu hadi 1960, na katika picha nyingi za wakati huo watu wetu wamechuchumaa mstarini, mikono kichwani, askari wakiwasimamia. Sikuwahi kufikiri kwamba miaka hiyohiyo, barani humuhumu, palikuwa na ua wa studio ambamo mtu aliulizwa: unataka kuonekana vipi?

Tangu siku hiyo sikuweza tena kupiga picha za watu kwa kuwavizia. Nilikuwa nikisimama Kibuye siku ya soko na kuwapiga akina mama kutoka mbali, wakiwa wameinama juu ya omena, nikiamini ndiyo picha ya ukweli. Sasa naona kwamba akina mama hao hawakuwa na neno lolote katika picha zile. Leo ninaanza na salamu, ninanunua omena, tunazungumza. Kamera inatoka mwisho, na akitaka kwanza kujifunga leso upya, ninangoja.

Maonyesho utakayofungua yametoka katika fikira hiyo. Muhula huu tulitundika shuka ya maua nyuma ya maktaba, upande wenye kivuli asubuhi. Tukawaalika wafanyakazi wa shule, wazazi, waendesha boda wa langoni na majirani. Kanuni ilikuwa moja: kila mtu apigwe mara moja. Kamera yetu ya dijitali inaweza kupiga mamia ya picha bila gharama, na baadhi ya wanachama waliona kanuni hiyo ni ya kujitesa. Lakini ukijua una nafasi moja, unalazimika kuzungumza na mtu, kumtazama, kuona bega lipi analipenda. Mpishi wetu alikataa katakata kupigwa akiwa na aproni. Alikwenda, akarudi na gomesi ya zambarau na saa ya mkononi, akatuambia saa lazima ionekane. Imeonekana. Picha yake ndiyo ya kwanza upande wa kushoto ukiingia, na jina lake kamili liko chini, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Suala la majina, Mzee, ndilo lililotuleta kwako.

Mali ilipata uhuru mwaka wa 1960. Mwanzoni mwa muongo huo serikali ilimchukua Keïta awe mpiga picha wake rasmi, na studio ikafungwa. Alistaafu mwaka wa 1977, akawa anajishughulisha na umakanika. Negativu zake, maelfu kwa maelfu, aliziweka. Hakuzitupa, hakuziuza. Mwaka wa 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, na chini yake pakaandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Hebu fikirini: mtu yuko hai, anaishi mtaani kwake, na wateja wake wangali wanamjua! Mfaransa mmoja, André Magnin, alifunga safari hadi Bamako kuuliza picha hizo ni za nani. Alifikishwa kwanza kwa Malick Sidibé, mpiga picha mwingine mkubwa wa mji huo, naye akamwelekeza kwa Keïta mara moja. Mwaka wa 1994 Keïta alipata maonyesho yake mwenyewe Paris, na dunia ikamjua.

Jina la mpiga picha liliokolewa. Majina ya wengi waliopigwa hayakuokolewa. Ukitazama picha zake leo katika majumba ya makumbusho, nyingi zimeandikwa tu “Bila jina”, na mwaka wa kukadiria. Kijana yule aliyeshika ua alikuwa nani? Alioa? Alifanya kazi wapi? Aliyepaswa kuulizwa angali na kumbukumbu hakuulizwa mapema.

Sasa tugeukie nyumbani. Ulipotutembelea muhula uliopita ulitusimulia kuhusu studio yako karibu na soko, kuhusu harusi, ubatizo, na vijana waliokuja kupigwa picha kabla ya kupanda gari la moshi kwenda Nairobi. Kisha ukasema, kama jambo dogo, kwamba masanduku ya negativu yako chumbani kwako na kwamba watoto wanakuhimiza uyachome kwa sababu yanajaza nafasi. Usiku ule kundi letu la WhatsApp halikulala.

Mzee, tunakuomba usiyachome.

Tunaomba uturuhusu tuje kwako Jumamosi, wawili wawili pamoja na mwalimu wetu, tufungue sanduku moja baada ya jingine ukiwepo. Wewe utazame, utaje unayemkumbuka. Sisi tuandike jina, mtaa na mwaka. Kila negativu tutaipiga picha kwa kamera yetu juu ya kioo chenye mwanga mweupe, kisha tuigeuze kwa kompyuta ili nyeusi iwe nyeupe. Njia hii haihitaji mashine ya gharama, na tumeijaribu kwa negativu za wazazi wetu ikafaulu. Baada ya hapo kila moja itaingia katika bahasha yake ya karatasi, si ya plastiki, maana plastiki hufungia unyevu. Unyevu ndio adui mkubwa katika mji wa ziwa kama huu: kuvu huota juu ya gelatini, tabaka la filamu linaloshika picha, na kuila pamoja na uso wa mtu. Na kama kuna sanduku ambalo ukilifungua linanuka siki, tafadhali tuambie tuanze nalo. Harufu hiyo ni dalili kwamba filamu yenyewe inaoza, na ikishaanza haiponi. Kinachowezekana ni kuipiga picha kabla haijakunjamana.

Negativu zitabaki zako. Tunalisema mbele ya mashahidi wote hawa kwa sababu Keïta alipofariki Paris mwezi wa Novemba 2001, ugomvi wa kisheria ulizuka juu ya nani mwenye haki na negativu zake. Hatutaki wanao wagombane na shule. Tumeandika rasimu ya makubaliano ya ukurasa mmoja, na tunakuomba uipeleke nyumbani uisome na familia yako bila haraka. Vilevile hatutaonyesha picha ya mtu aliye hai bila idhini yake. Hivyo ndivyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inavyotutaka tuheshimu habari za mtu, na hata sheria hiyo isingekuwepo tungefanya vivyo hivyo.

Kwako Mwalimu Mkuu, ombi letu ni kabati moja la chuma lenye kufuli, ghorofani katika maktaba, ambako paa halivuji na hewa inapita. Tafadhali lisiwe karibu na maabara ya kemia.

Nanyi wazazi, mkirudi nyumbani tazameni nyuma ya picha zilizoko ukutani au ndani ya Biblia. Studio nyingi zilipiga mhuri nyuma, kama Keïta alivyopiga wake. Mkiuona mhuri wa studio ya Kisumu, tuleteeni picha hiyo tuione, na mje na bibi au babu anayewajua waliomo.

Mzee wetu, iwapo utakubali, tungependa kuanza na lile sanduku la miaka ya 1970 ulilosema lina picha za wafanyakazi wa reli. Baadhi yao wangali hai hapa mjini, na wanaweza kujitaja wenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.