Kishonanguo na wimbo wa simba

Mwanangu Salehe,

Salamu nyingi zikufikie huko Dodoma. Sisi Muheza hatujambo, ila mvua imeshika na magugu shambani yananifika kiunoni. Jana nimerudi khanga nzima imejaa kishonanguo, nikakaa barazani kukitoa kimoja kimoja. Ukikiweka kiganjani utaona ni kijiti cheusi, chembamba kama sindano, na nchani kina vimeno viwili au vitatu vyenye miba inayotazama nyuma. Ndiyo maana kikishaingia kwenye uzi hakitoki kwa kuvutwa. Basi mjukuu wangu akapita anaimba "awimbawe, awimbawe". Wimbo wa katuni, anasema. Nikakukumbuka wewe na yule bwana wa studio anayetaka umwachie nyimbo zako tatu kwa pesa ya nauli.

Huo wimbo si wa katuni, baba. Ni wa Solomon Linda, Mzulu aliyetoka Msinga huko Natal, Afrika Kusini, akaenda Johannesburg kutafuta riziki. Mwaka 1939 yeye na wenzake, Evening Birds, waliurekodi katika studio ya Gallo, wakauita "Mbube", yaani simba. Kiitikio chao kilikuwa "uyimbube". Litamke taratibu: u-yi-mbube. Hiyo "u" ya mwanzo ni ndugu ya "u" yetu. Wewe u simba! Sisi tungeelewa nusu yake bila mkalimani.

Karibu na mwisho Linda akaipaza sauti, akatoa mahadhi ambayo hakuwa ameyapanga, sekunde chache tu. Yashike hayo mahadhi kichwani. Haki za wimbo ziliondoka kwa shilingi 10.

Santuri ikavuka bahari. Mwimbaji Pete Seeger akaisikiliza kule Marekani, na sikio lake likasikia "wimoweh". Kundi lake la The Weavers likaurekodi hivyo hivyo mwaka 1951. Mwaka 1961 wakaja vijana wa The Tokens, na George David Weiss akatia maneno ya Kiingereza: simba amelala msituni usiku huu. Hapo huwa nacheka peke yangu. Simba na msitu mnene wapi na wapi? Simba ni wa nyika, mchana utamkuta kajilaza kwenye kivuli cha mgunga, majani makavu yana rangi ya manyoya yake. Lakini mahadhi waliyoyawekea maneno hayo ni yale yale ya Linda, ya zile sekunde chache. Wimbo ukashika namba moja Marekani. Mwaka uliofuata, 1962, Linda akafa maskini, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe.

Waliuchukulia kama mboga ya mchunga ya kando ya njia: umejiotea, mwenye kikapu achume. Mchunga kweli hauna mwenyewe, na mimi huuchuma popote, nikauchemsha, nikamwaga maji ya uchungu, nikautia tui. Lakini ile santuri ilikuwa na jina la mtu.

Binti za Linda ndio waliopata chochote, tena kwa mlango wa nyuma. Sheria ya Waingereza ya 1911 ilisema mtunzi aliyeuza haki zake akishafariki, miaka 25 baadaye haki hizo zinarudi kwa warithi. Mawakili wakaifukua, kesi ikafunguliwa mwaka 2004 kwa sababu ya ile filamu ya katuni ya 1994, The Lion King, iliyoutumia wimbo huo, na mwaka 2006 wakapatana nje ya mahakama. Hesabu mwenyewe, kutoka 1939.

Kwa hiyo nauli nitakutumia mimi kwa simu Ijumaa, nikishauza machungwa. Huyo bwana mwambie mama amekataa. Akikuona mshamba, mwache akuone hivyo. Na nyimbo zako kaziandikishe COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kabla hujampa mtu mwingine azisikie.

Kishonanguo nacho asili yake ni Amerika, ulijua? Kimekuja huku, na huenea kwa kung'ang'ania nguo na manyoya ya wanyama; "uyimbube" nayo ikaenda huko kwao. Nimekutilia kimoja ndani ya bahasha hii ukione vizuri. Usikitupe dirishani, kitaota, na mwenye nyumba wako atakulaumu.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako