Barua ya wazi kwa vijana wa bendi za hotelini Mwanza: Msione haya kwa niaba ya watu wa Detroit

Wanangu, mwangaluka.

Shikamoo zenu huwa nazipokea mlangoni mnapopanga vyombo, na marahaba yangu mnaipata papo hapo. Hii naiandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la bendi moja. Linawahusu wote mnaopiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine, kwenye mahoteli, kuanzia Capri Point hadi Nyegezi, pamoja na mafundi mitambo wenu, na hasa yule kijana wa kinanda ambaye mgeni akiomba wimbo wa bendi ya roki ya Nickelback huwatazama wenzake kwanza, wacheke, ndipo aanze kupiga.

Mgeni anaona. Aliyeomba wimbo ndiye anayekodolea jukwaa macho kuliko mtu mwingine yeyote ukumbini. Ameomba kitu anachokipenda, ninyi mmemcheka, halafu mnategemea awatunze.

Nimewauliza baadhi yenu kosa la nyimbo hizi ni nini. Jibu ni lile lile: "Mzee, hizo ni nyimbo za kusikiliza ukiwa peke yako chumbani, mbele ya watu ni aibu." Nickelback, Creed, Journey, Toto, Foreigner, Bon Jovi, bendi zote hizo za roki, orodha mnayo kichwani na hukumu yake mnayo. Nikiuliza hakimu alikuwa nani, mnatazamana. Basi nisikilizeni.

Nickelback wametoka Hanna, mji mdogo wa jimbo la Alberta, Kanada. (Kanada hiyo hiyo iliyotuletea Padre David Clement wa Bujora. Bujora nitarudi baadaye.) Mwaka 2001 walitoa "How You Remind Me", na kabla muongo ule haujaisha redio za Marekani zilikuwa zimeupiga zaidi ya mara milioni 1.2, kuliko wimbo mwingine wowote wa miaka ile. Ulikuwa mzuri kiasi hicho? Hata kidogo. Mwaka 1996 Marekani ilibadili sheria yake ya mawasiliano na kuondoa ukomo wa vituo vya redio ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchi nzima. Kampuni ya Clear Channel peke yake ikafikisha vituo vipatavyo 1,200. Ratiba za nyimbo zikaanza kufanana mji hadi mji. Mtu anaamka na wimbo, anaukuta kwa kinyozi, anaukuta dukani, anavuka mpaka wa jimbo na bado unamsubiri kwenye redio ya gari. Hata ungeimbwa na malaika, angeuchukia. Kufikia Novemba 2011 watu zaidi ya 50,000 walikuwa wametia saini ombi la kutaka Nickelback wasipige wakati wa mapumziko ya mechi ya Detroit Lions, timu ya mpira wa Kimarekani ya mji wa Detroit. Walipiga hivyo hivyo.

Sasa niambieni, ni nani hapa Mwanza aliyewahi kuchoshwa namna hiyo? Sheria iliyofungua njia ya redio binafsi hapa kwetu ni ya mwaka 1993. Tulipopata Radio Free Africa hapa mjini, masikio yetu yalikuwa kwenye bolingo, zilipendwa, kwaya, taarabu, na Bongo Fleva iliyokuwa ikichipua huku wazee wenzangu wakiiita uhuni. Roki ya Wazungu tuliipata usiku, wimbo mmoja katikati ya bluzi. Mtu aliyeupenda aliusubiri. Ninyi nyimbo hizi mmezikuta kwenye simu, na chuki yake nayo mmeikuta kwenye simu, vyote kwa bando moja. Mnaona haya kwa niaba ya mtu wa Detroit asiyejua hata kama mpo.

Twende Bujora, kwenye makumbusho yetu Wasukuma. Wengi wenu ni Wasukuma, au mmelelewa kati yetu, na Bulabo, sikukuu yetu ya mashindano ya ngoma, mmeiona. Mnajua ngoma inavyoamuliwa. Vyama viwili vya ngoma vinashindana: Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wanaanza kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakwenda wanakovutwa. Wenye umati mkubwa ndio washindi. Ndiyo maana Bayeye, wachezaji wa ngoma ya nyoka, wanatoa nyoka. Na walioshindwa wakirudi nyumbani jioni hawasemi kwamba wenzao walicheza vizuri. Wanasema wenzao walitumia dawa.

Wahakiki wa Marekani na Uingereza nao ndivyo walivyosema. Watu walipojaa kwa Journey na Foreigner, wakasema ni dawa: kampuni kubwa, matangazo, nyimbo zilizokatwa kwa kipimo kimoja. Sikatai kwamba dawa ipo. Hiyo habari ya vituo 1,200 ni dawa kali, na kwa sababu hiyo sitawaambia kwamba wimbo ni mzuri eti kwa kuwa umepigwa mara milioni. Umati wa Bulabo unatembea kwa miguu yake, na anayechoka na nyoka anahamia upande wa pili. Msikilizaji wa redio hana upande wa pili wa kuhamia kama vituo vyote ni vya tajiri mmoja. Lakini dawa nayo ina muda wake. "Don't Stop Believin'" wa Journey ulitoka mwaka 1981, wahakiki wakaubeza, na mwaka 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani ikauingiza kwenye orodha ya rekodi zinazotunzwa kwa ajili ya taifa lile. Mnijulishe dawa inayofanya kazi miaka arobaini, nami niitafute.

Hata mtoto wa Unguja hawakumwacha. Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, bendi yake ya Queen iliandikwa na mhakiki wa jarida la Rolling Stone mwaka 1979 kwamba huenda ndiyo bendi ya kwanza ya roki iliyo ya kifashisti kweli kweli. Leo nani anajificha kusikiliza Queen?

Nije kwa Toto, maana hapa ndipo mnaponiudhi zaidi.

Watalii wakishuka kutoka Serengeti na vumbi lao kwenye kofia, wimbo wa kwanza kuombwa ni "Africa". Nanyi mnapinda midomo. Kuna cha kucheka pale, na nitawaonyesha mahali penyewe: mwimbaji anaiweka Kilimanjaro juu ya Serengeti. Sisi tunaopita lango la Ndabaka tukienda Musoma tunajua kwamba kutoka pale mlima ule hauuoni hata upande juu ya basi. Uko zaidi ya kilomita 200 mashariki, na nyanda za juu za Ngorongoro ziko katikati. David Paich, aliyeutunga pamoja na mpiga dramu Jeff Porcaro, alikuwa hajawahi kukanyaga bara hili. Cheka hapo hata mpaka machozi. Ni kosa la ramani, unaweza kumwonyesha mgeni kwa kidole, naye atacheka pamoja nawe.

Ila mwaka huo huo wa 1982 walipotoa "Africa", watu hao walikuwa studio wakimpigia Michael Jackson kwenye "Thriller". Dramu za "Beat It" ni za Jeff Porcaro. "Human Nature" umetungwa na mdogo wake Steve, akishirikiana na mwandishi mwingine. Hizo mkizipiga mnafumba macho kwa raha, hakuna anayemcheka mwenzake. Mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni jina kwenye kasha.

Chukueni pia "Rosanna", wimbo mwingine wa Toto. Jeff Porcaro alichanganya mtindo wa mpiga dramu Bernard Purdie na ule wa John Bonham wa Led Zeppelin, akapata mwendo unaoyumba kama unachechemea, na katikati yake kuna vipigo vidogo vya snea, ile ngoma ya mlio mkali, ambavyo msikilizaji hawezi kuvihesabu, lakini ukivitoa wimbo unalala. Wapiga dramu wa dunia nzima wanajifunza kipande kile. Nimesikia bendi zetu zikikipiga kwa mdundo wa kawaida, moja mbili tatu nne, halafu zikisema wimbo wenyewe mwepesi.

Wala msidhani nawaambia kila kitu ni dhahabu. Kuna mtu aliwahi kuweka "How You Remind Me" kwenye spika moja na "Someday", wimbo wa Nickelback wa mwaka 2003, kwenye spika nyingine, akazipiga kwa pamoja. Zilikwenda sambamba karibu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni hoja, na bendi inastahili kuulizwa. Mashairi yao kadhaa kuhusu wanawake nisingeyaimba mbele ya binti zangu. Hiyo nayo ni hoja. Creed sauti ile ya kukoroma kifuani inanichosha baada ya nyimbo tatu, ingawa wachezaji wa Texas Rangers waliziimba mwaka 2023 mpaka wakabeba ubingwa wa besiboli. Mkija kwangu na hoja za namna hii tutabishana mpaka chai ipoe. Ninachokikataa ni kijana kusema "ni aibu" halafu anyamaze.

Na kuhusu kazi ya kopi yenyewe, ambayo nadhani ndiyo mnayoionea haya kuliko Nickelback. Mwaka 2007 Journey walikuwa hawana mwimbaji. Mpiga solo wao, Neal Schon, alikaa kwenye kompyuta akitafuta YouTube, akamkuta Arnel Pineda, Mfilipino aliyekuwa akiimba kopi na bendi yake kwenye kumbi za Manila. Wakamwita, na ndiye anayeimba nao hadi leo. Zile video zitazameni. Anaimba nyimbo za watu wengine kwenye ukumbi mdogo kama zenu, na hakuna hata mara moja anapomkonyeza mpiga besi kumwonyesha kwamba wimbo haufai.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kaeni na orodha yenu ya nyimbo. Ule msioupenda, na mnaweza kusema kwa nini, utoeni, na mgeni akiuomba mwambieni kwa adabu kwamba bendi haijaufanyia mazoezi, mpigieni mwingine wa karibu. Zitakazobaki, hakuna kuzichekea tena jukwaani. Na yule wa kinanda awe anamtazama aliyeomba.

Jumanne nitakuja mazoezini. Tutaanza na "Rosanna": dramu peke yake, nusu ya mwendo, na mtu asiguse gitaa mpaka snea itulie.

Mzee wenu,
mpiga rhythm wa zamani,
Kitangiri, Mwanza