Kiinitete cha kuku kisomwe ndani ya yai, si kwenye mchoro peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa mbali laweza kuonekana ni la wahadhiri wachache na maabara zao, ilhali matokeo yake hufika hadi kwenye madarasa ya sekondari na kliniki za wajawazito. Jambo lenyewe ni namna wanafunzi wetu wa shahada ya kwanza ya biolojia wanavyofundishwa ukuaji wa kiinitete, yaani kiumbe kinapoanza tu kukua ndani ya yai au tumboni mwa mama.

Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi na nimesahihisha mitihani yake katika vyuo zaidi ya kimoja. Mara nyingi hufundishwa kwa mihadhara, kwa michoro na kwa masanduku ya slaidi za zamani ambazo rangi yake imekwisha kufifia. Mwanafunzi huonyeshwa kiinitete cha kuku cha saa 33, cha saa 48 na cha saa 72 tangu yai liingizwe kwenye kiangulio, yaani sanduku la joto la kuangulia mayai, hukariri majina ya sehemu zake, na siku ya mtihani huambiwa achore kimojawapo na kukiandikia majina. Wengi hufaulu, na wengine hufaulu kwa alama za juu sana. Lakini mpe mwanafunzi huyo huyo yai lililokaa kwenye kiangulio kwa muda asioujua, umuulize kiinitete kilichomo kimefikia hatua gani na amejuaje: hana pa kuanzia. Alichofundishwa ni picha tatu zilizosimama, wala hakuonyeshwa jinsi moja inavyogeuka kuwa nyingine, na kugeuka huko ndiko somo lenyewe.

Kufungua mayai ili kuona kinachoendelea ndani si jambo geni wala si anasa ya nchi tajiri. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba baada ya siku tatu moyo wa kifaranga huonekana kama tone la damu linalodunda ndani ya yai. Daktari Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu chake juu ya uzazi wa viumbe mwaka 1651, akitegemea sana mayai ya kuku. Hakuna kati yao aliyekuwa na vifaa vya kushinda vile vilivyomo katika maabara ya chuo chochote chetu.

Kwa wasomaji ambao hawajapata kuona kazi hii, niieleze. Mayai yenye mbegu hulazwa ubavu kwenye kiangulio chenye joto la nyuzi 37.5 hadi 38 za Selsiasi, na bakuli la maji huwekwa humo kutunza unyevu. Muda ukifika, yai hutolewa bila kuzungushwa, kwa sababu kiinitete huelea juu ya kiini na upande uliokuwa juu ndiko kilipo. Hupasuliwa taratibu ndani ya bakuli la maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Mwanafunzi huchukua kipande cha karatasi ya kuchujia kilichotobolewa katikati, hukilaza juu ya utando ili kiinitete kibaki ndani ya tundu, hukata utando kuzunguka ukingo wa karatasi kwa mkasi mdogo, kisha huinua karatasi polepole kwa kibanio. Kiinitete huja kimenata kwenye karatasi bila kukunjamana. Kikiwekwa kwenye kisahani chini ya hadubini, kile cha saa 48 huonekana moyo ukidunda na damu ikipita mishipani, kichwa kimeanza kugeukia ubavu, na kando ya mrija wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, kulia na kushoto, zimejipanga somiti, yaani vile vipande vidogo ambavyo baadaye huzaa pingili za mgongo, misuli ya mwili na sehemu ya ngozi ya mgongoni.

Somiti hizo ndizo saa ya kiinitete. Jozi ya kwanza hutokea karibu na saa ya 24, na tangu hapo jozi mpya huongezeka takriban kila baada ya dakika 90, zikianzia upande wa kichwa kuelekea mkiani. Zikifika jozi 10 hivi, moyo huanza kudunda. Mwanafunzi aliyezihesabu kwa macho yake katika mayai matano ya umri tofauti hatasahau mpangilio huo, na hatahitaji kuukariri.

Hapa ndipo penye hoja yangu kubwa. Mayai mawili yaliyoingizwa kwenye kiangulio dakika ile ile hayatoi viinitete vinavyolingana, na si ajabu kukuta kimoja kina jozi 14 na kingine 18. Yai hutagwa kiinitete kikiwa kimekwisha kukua karibu siku nzima ndani ya kuku, na kuku hawalingani. Yai lililohifadhiwa muda mrefu huchelewa kuanza. Yai lililokaa kwenye chumba chenye joto la Dar es Salaam huanza kukua polepole hata kabla ya kufika maabara, kwa kuwa ukuaji husimama kabisa pale tu joto linaposhuka chini ya nyuzi 21 hivi. Kwa sababu kama hizi wanabiolojia Viktor Hamburger na Howard Hamilton waliuacha utaratibu wa kutegemea saa, na mwaka 1951 wakachapisha jedwali la hatua 46 zinazotambuliwa kwa mwili wa kiinitete chenyewe: idadi ya somiti, umbo la mabawa na miguu, manyoya, mdomo. Jedwali hilo linatumika duniani kote mpaka leo, ilhali mitihani yetu bado inauliza saa.

Nimewasikia wenzangu wakisema kwamba kazi hii haiwezekani kwa sababu ya umeme. Naliheshimu jambo hilo kwa kuwa ni kweli unakatika, lakini nadhani linatazamwa kinyume. Kiinitete cha siku mbili huvumilia kupoa kwa saa chache, ila huchelewa. Darasa linaloambiwa kwamba umeme ulikatika usiku, likatakiwa kukadiria kwa kuhesabu somiti kiinitete kimerudi nyuma kwa muda gani, linajifunza biolojia halisi zaidi kuliko darasa lililopata saa 48 kamili.

Kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ratiba. Kipindi cha vitendo kikiwa Jumatano saa 8 mchana, mayai ya saa 72 huingizwa Jumapili saa 8 mchana, ya saa 48 huingizwa Jumatatu saa hiyo hiyo, na ya saa 33 huingizwa Jumanne saa 11 alfajiri. Nani atafungua maabara alfajiri hiyo? Fundi sanifu ana mkataba wa saa za kazi, na kumwachia mzigo huo bila malipo si haki. Njia iliyo wazi ni kuwapa wanafunzi zamu, kwa maandishi, pamoja na ufunguo na daftari la kumbukumbu za joto, na zamu hizo zihesabiwe kuwa sehemu ya alama. Idara ikikubali hilo, mengine yote ni mepesi.

Wapo pia wanafunzi ambao dhamiri zao husita kukatisha uhai wa kiumbe ambacho moyo wake umekwisha kuanza kudunda. Kusita huko kuheshimiwe, kusibezwe. Sheria ya Uingereza inayosimamia majaribio ya wanyama huanza kumlinda ndege aliye ndani ya yai katika theluthi ya mwisho ya kuatamiwa, na kazi ninayoizungumzia huisha siku ya nne au ya tano kati ya 21. Hata hivyo, mwanafunzi asiyeridhika apewe mayai ya kupima kwa tochi gizani, achore mishipa ya damu inavyotanda siku hadi siku, na vifaranga vikianguliwa apewe mfugaji. Atakuwa amejifunza mengi.

Nilitaja kliniki za wajawazito, na sikuzitaja kwa kutia chumvi. Mrija wa neva, ambao katika yai huonekana ukiinuka pande mbili na kujikunja kama jani mpaka kingo zake zikutane, hujengeka kwa namna inayofanana sana katika mwili wa binadamu, nao hufunga kufikia takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Usipofunga sehemu ya chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Watoto hao ndio wanaopelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili kufanyiwa upasuaji, na mama zao hurudi nyumbani wakibebeshwa lawama ambazo hawakuzistahili. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hili, asidi ya foliki, ambayo ni aina ya vitamini B, iliyoanzwa kabla ya mimba ilipunguza kurudiwa kwake kwa asilimia 72. Mwanamke anayefika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ya miezi mitatu hupewa vidonge vyenye foliki, navyo vinamfaa kwa damu yake, lakini mrija wa neva wa mtoto ulikwisha kufunga, au kushindwa kufunga, wiki nyingi kabla. Wahitimu wetu wengi wa biolojia huenda kuwa walimu. Aliyeona kwa macho yake kingo mbili zikikutana ndani ya saa chache ataweza kuwaeleza wasichana wa kidato cha nne kwa nini vidonge hivyo vinatakiwa kabla ya mimba. Aliyekariri mchoro ataishia kwenye majina.

Kwa hiyo ninawaomba wakuu wa idara za biolojia, wakati huu wanapoandaa bajeti na ratiba za mwaka mpya wa masomo, watenge fungu la trei chache za mayai kwa kila muhula na waruhusu zamu za wanafunzi. Mtihani wa vitendo nao uanze na yai lisilo na maelezo. Mayai ya dukani hayafai, kwa kuwa kuku wa mayai wa kisasa hufugwa bila jogoo, na ya sokoni umri wake haujulikani. Wafugaji walio jirani na vyuo, wenye kuku wazazi, wanaweza kutusaidia sana wakituuzia mayai yenye mbegu yaliyotunzwa mahali pa baridi, huku kila yai likiwa limeandikwa kwa penseli tarehe lilipotagwa.

Mhadhiri wa biolojia,
Morogoro