Barua ya malalamiko: kompyuta mliyoniuzia imeninyamazia

Morogoro,
6 Novemba 2025

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA KOMPYUTA YENYE WINDOWS 7 KINYUME NA RISITI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na ni asiyeona. Wiki tatu zilizopita nilinunua dukani kwenu laptopu iliyotumika, kwa shilingi 350,000. Kabla sijatoa hela nilimweleza muuzaji wenu kwamba sioni kabisa, kwamba kompyuta naitumia kwa programu ya kusoma skrini kwa sauti iitwayo NVDA, na kwamba kwa sababu hiyo nataka Windows 10 au 11. Akanijibu, "Usijali mwalimu, hii ni Windows 10." Akaandika hivyo hivyo kwenye risiti, ninayo hadi leo.

Nilifika nyumbani usiku. Nikaiwasha, nikasikia feni inazunguka, nikasubiri kidogo, kisha nikabonyeza Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja. Kwenye Windows 10 vitufe hivyo vitatu huamsha Narrator, msomaji wa skrini anayekuja ndani ya kompyuta yenyewe. Ndivyo sisi tunavyoingia kwenye mashine ngeni bila kuazima macho ya mtu. Kimya. Nikapapasa tena kibodi, nikidhani nimekosea kitufe, nikabonyeza upya. Kimya. Nikakaa nayo mpaka saa sita usiku, feni ikizunguka tu. Asubuhi nikamwita binti wa jirani, yuko darasa la sita, nikamwelekeza afungue sehemu ya taarifa za kompyuta anisomee. Akasoma polepole: Windows 7 Professional. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, 2 GB.

Nilipompigia fundi wenu, alisema Windows 7 ni nyepesi, haisumbui, na kwamba aliijaribu mashine dukani ikawaka vizuri. Naamini aliijaribu. Ila aliijaribu kwa macho, nami nilikuwa nimeshawaambia mapema kwamba macho sina.

Naomba nieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu nadhani hapo dukani hakuna anayelijua. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. NVDA inatolewa bure, ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, na imetuwezesha wengi ambao tusingemudu programu za kulipia. Watengenezaji wake waliibeba Windows 7 kwa miaka kadhaa baada ya Microsoft wenyewe kuitupa. Toleo la mwisho linalokubali humo ni la 2023.3, kuanzia 2024.1 haliingii kabisa. Siwalaumu hata kidogo.

Rafiki yangu alinitafutia hilo toleo la zamani, na kweli kompyuta ikaanza kusema. Nilifurahi kuisikia ile sauti ya eSpeak, sauti ya kompyuta inayokuja na NVDA, ikisoma Kiswahili. Ni sauti kavu, lakini nimeizoea na naielewa hata ikienda mbio. Furaha ikaishia nilipofungua intaneti. Chrome kwenye Windows 7 imegota kwenye toleo la 109, la Januari 2023. Baadhi ya kurasa ninazozitumia kazini hazifunguki, nyingine zinafunguka nusu: msomaji anataja "kitufe", "kitufe", "kitufe", bila kusema ni kitufe cha nini. Anayeona atakisia kwa kutazama rangi au mchoro. Mimi nikibonyeza kwa kubahatisha naweza kufuta kazi ya siku nzima.

Kwa wiki hizi tatu mtihani niliotunga umesomwa na mwalimu mwenzangu kabla haujafika kwa wanafunzi, kwa kuwa sikuwa na njia ya kuukagua mwenyewe. Neno la siri la barua pepe yangu sasa analijua mtu wa pili. Alama za wanafunzi zimesomwa kwa sauti sebuleni kwangu. Nimefundisha miaka 11 bila kulazimika kufanya hata kimoja kati ya hivyo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko hata hela yangu.

Fundi alipendekeza niirudishe aweke Windows 10, kisha yeye mwenyewe akakiri kwamba kwa RAM ya 2 GB itatambaa. Ukiongeza msomaji wa skrini anayefanya kazi muda wote, kila herufi ninayoandika itasikika ikiwa imechelewa. Najua pia kwamba Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba mwaka huu. Hata hivyo NVDA bado inafanya kazi humo, na kama ningepewa kile kilichoandikwa kwenye risiti, kwenye mashine inayoweza kukibeba, nisingeandika barua hii.

Naomba mnibadilishie kwa kompyuta inayokubali Windows 11, yenye RAM isiyopungua 8 GB. Kama bei yake imezidi, nitaongeza tofauti iliyo ya haki. Kama hamna, nirudishieni shilingi 350,000 pamoja na nauli ya Morogoro hadi Dar es Salaam, kwenda na kurudi. Mkinipa nyingine, naomba muiwashe mbele yangu, nibonyeze vile vitufe vitatu mwenyewe, niisikie ikisema kabla sijatoka dukani.

Naomba pia muandike toleo halisi la Windows kwenye kila kompyuta mnayoiuza, na wauzaji walithibitishe kabla ya kujaza risiti.

Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14. Zikipita kimya, nitapeleka risiti na nakala ya barua hii Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa anayouziwa. Nakala ya risiti nimeiambatanisha. Namba yangu ya simu mnayo, imeandikwa humo.

Wenu,
Mwalimu, mteja wenu wa Morogoro