Chalbi haipitwi na gari dogo, na mawe ya Sibiloi si ya kubebwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa tanboi na sijawahi kuwaandikia. Leo nimelazimika, kwa sababu ya ile makala yenu ya kutembelea kaskazini kwa gari, yenye picha ya dada aliyesimama juu ya boneti katikati ya jangwa la Chalbi. Mwandishi aliwaambia wasomaji kwamba lami sasa imefika Moyale, kwa hivyo mwenye gari lolote anaweza kutoka Nairobi Ijumaa, akaona hifadhi ya Sibiloi na mji wa Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, na Jumatatu akawa kazini. Nawaomba msichapishe tena maneno kama hayo kabla ya kumuuliza mtu anayepita huku.

Lami imefika Moyale, ni kweli, na sisi tuliokuwa tukitoka Isiolo kwa msafara wenye askari tunashukuru sana. Lakini lami hiyo haiendi Ziwa Turkana. Ukishuka Maikona kutoka Marsabit umeiacha. Mbele yako ni mawe meusi ya volkano yanayochana tairi ubavuni, kisha mchanga, kisha Chalbi yenyewe hadi Kalacha na North Horr, na baada ya North Horr ni mawe tena mpaka Alia Bay, kwenye makao ya hifadhi ya Sibiloi. Ukipitia Laisamis utafaidi ile barabara ya changarawe iliyotengenezwa ili kupeleka mitambo ya umeme wa upepo, nayo ni nzuri, lakini uzuri wake unakoma kwenye mitambo. Kutoka hapo kuteremka Loiyangalani dereva hufanya kazi na tairi hulia. Hayo yote hayakuandikwa.

Wiki mbili baada ya makala hiyo nilikuwa natoka North Horr na lori la mbuzi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kwenye vilima vya Huri. Chalbi kwenyewe hakukudondoka hata tone, na hapo ndipo mgeni anapodanganyika, kwa sababu Chalbi zamani lilikuwa ziwa, na maji ya milima inayolizunguka bado yanajua njia ya kurudi. Juu unaona ganda jeupe la chumvi, kavu, tambarare, linakuvuta ukanyage mafuta. Chini yake ni tope la kijivu lisilo na mwisho. Nilikuta gari dogo la familia limezama mpaka milangoni, ganda limevunjika kulizunguka kama ukoko wa ugali. Ndani alikuwamo mama na watoto watatu, na baba alikuwa nje anachimba kwa sufuria. Maji yao yalikuwa yamekwisha tangu jana yake jioni. Mtoto mdogo alikuwa halii tena, na yeyote aliyewahi kuona mtoto katika joto lile anajua kwamba kunyamaza ni kubaya kuliko kulia. Niliacha lori kwenye ardhi ngumu, kwa sababu ningesogea karibu tungezama wote. Wafugaji wawili Wagabra, kabila la wenyeji wa huku, waliotuona kutoka mbali walikuja na ngamia, wakawanywesha watoto maziwa kidogo kidogo, wakatufundisha mahali pa kupita kwa miguu, wakakata matawi tukayatandika chini ya magurudumu. Tulivuta kwa waya tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kuinama. Mbuzi sita walinifia kwenye lori. Yule baba akaniambia, "Mzee, gazeti lilisema barabara ni nzuri." Mwandishi wenu aliita pale jangwa tupu lisilo na watu. Familia ile iko hai leo kwa sababu pana watu.

Na kuna jambo jingine lililoniuma siku hiyo. Ili kulipunguzia gari uzito tulishusha mizigo yote, na kwenye buti tukakuta mawe yaliyofungwa kwa taulo. Ilikuwa vipande vya ile miti ya Sibiloi iliyogeuka mawe, pamoja na kipande kilichofanana na mfupa. Walisema ni vya ukumbusho, na nilivyowatazama, hawakujua wamefanya nini. Wangejuaje, ikiwa makala iliwahimiza watembee Koobi Fora, ndani ya hifadhi hiyo, wakitazama chini, maana huko mifupa ya kale hulala wazi juu ya ardhi? Ni kweli hulala wazi, mvua ndiyo huifukua. Lakini wataalamu hupata umri wa mfupa kutokana na tabaka za majivu ya volkano zilizo juu na chini ya mahali ulipokuwa. Ukishauondoa pale ukautia kwenye buti, umebaki kuwa jiwe tu, hausemi chochote tena. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inakataza, na mstari mmoja wa kuieleza haungewagharimu nafasi yoyote. Kila mara tunalilaumu bwawa la Mto Omo, mto unaoleta maji ziwani, kule Ethiopia kwamba ndilo lililofanya hifadhi za Ziwa Turkana zitiwe kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2018. Lawama hiyo ni ya haki, lakini haya ya kubeba kwenye buti tunayafanya wenyewe.

Tena, makala ilimtaja Richard Leakey, mtafiti wa mifupa ya binadamu wa kale, mara nyingi, na sina ubaya naye. Lakini lile fuvu mashuhuri la kale la Koobi Fora, lenye namba 1470, lilionwa kwanza na Bernard Ngeneo, Mkenya, mwaka 1972, na ng'ambo ya ziwa, kule Nariokotome, mifupa ya yule mvulana wa kale anayeitwa kijana wa Turkana iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Watoto wetu wanaosoma gazeti hili wanastahili kuyaona majina hayo mawili.

Ninaomba haya. Kila mnapochapisha makala ya huku, pembeni wekeni kisanduku kinachosema: gari la kuvuta magurudumu yote, tairi mbili za akiba, lita 20 za maji kwa kila mtu, mafuta ya kutosha kutoka Marsabit, na usisafiri gari moja peke yake. Serikali ya kaunti nayo iweke pipa kubwa pale Maikona kabla ya kushuka Chalbi, upande mmoja rangi nyekundu ya kuzuia, upande wa pili kijani ya kuruhusu, na ilipe kijana wa pale awe analigeuza kila asubuhi baada ya kuwauliza wafugaji waliotoka malishoni. Pipa ninalo, na rangi nitanunua mwenyewe. Wanachohitaji kutoa ni mshahara wa huyo kijana.

Dereva wa lori,
Marsabit